Mteja wa Ujiji Alichagua Nguo Kabla ya Dior

Juzi nimekaa kwenye semina ya mafundi cherehani hapa Kigoma nikatoka nimefura. Mwezeshaji alikuja na projekta yake, suti imemkaa vizuri, hapo sina neno. Somo lilikuwa historia ya mitindo. Akaanza na Charles Frederick Worth, Mwingereza aliyefungua duka lake la mavazi Paris mwaka 1858. Akapita kwa Chanel, akatua kwa Dior, nao wabunifu wa Paris, na sketi zake za 1947, kiuno kimebanwa, chini kitambaa kinamwagika. Muda wote tuko Paris. Dakika za mwisho, watu wameshaanza kunusa harufu ya pilau, ikatokea picha moja ya binti kavaa kitenge, na maandishi: "Afrika nayo inaamka."

Inaamka! Kwani tulilala saa ngapi?

Sina ugomvi na Paris. Mimi mwenyewe nashona huku podikasti za historia ya mitindo zinaongea, na nimepata mengi humo. Bila hizo ningemjulia wapi Madeleine Vionnet, aliyekuwa akibuni magauni kwa kumzungushia kitambaa mwanasesere mdogo wa mbao, na kukata kwake mshazari, yaani kitambaa kukatwa kiupande badala ya kufuata uzi, kukawafundisha mabingwa? Binti ninayemfundisha alisikia habari hiyo, kesho yake akakata kitenge mshazari, gauni zima. Ndege wa kwenye kitenge wote wakalala upande, kitambaa kikaliwa vibaya, na kwa ule ugumu wake kitenge kikagoma kumwagika kama krepu. Mteja akauliza, "Dada, hawa ndege wamelewa?" Lakini sasa hivi binti huyo anakata mshazari ukanda wa kumalizia shingo tu, na shingo zake zinalala kuliko zangu. Kwa hiyo mzee wangu wa Ujiji anayesema kitabu hakishoni suruali, ana haki nusu. Nusu tu.

Kilichonichoma ni huo mwaka, 1858. Februari ya mwaka huohuo wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliingia Ujiji, daladala moja tu kutoka ukumbi tuliokalia. Burton alikuwa mtu wa dharau, kuna kurasa zake unazisoma unatamani kukitupa kitabu ziwani. Ila macho ya biashara alikuwa nayo. Katika kitabu alichochapisha 1860 kaorodhesha mizigo ya misafara: merikani, yaani pamba ya Marekani isiyopaushwa, kaniki, ile pamba nyeusi, barsati ya buluu yenye mstari mpana mwekundu, vitambaa vya dabwani vya Maskati, na aina za shanga zinazokaribia 400. Watu walio usingizini wanahitaji aina 400 za shanga za nini?

Njoo kwa Stanley. Mwaka 1871, kabla ya kutoka Zanzibar kuja kumtafuta Livingstone, aliumiza kichwa kuhusu nguo na shanga za kubeba. Chakula cha watu 100 aliambiwa ni doti 10 kwa siku, yadi 40, basi, hesabu imeisha. Balaa lilikuwa shanga. Nyeusi zinapokelewa Ugogo, ukitoka hapo hazina kazi. Shanga ziitwazo sungomaji zinakubalika Ujiji na ng'ambo ya ziwa kule Uguha, kwingine wanakurudishia. Ukikosea, wapagazi wako wamebeba takataka kutoka pwani.

Sasa niambieni. Huyo mwanamke wa Ujiji anayezisukuma shanga pembeni kwa sababu siyo anazozitaka, ana tofauti gani na mama wa leo pale soko la Mwanga? Unamwona anakunjua kitenge kilichotoka Kongo, anakigeuza upande wa nyuma aone kama rangi imepenya sawasawa, anakisugua kwa kidole gumba, halafu anakirudisha: "Hiki kimeshapitwa." Huyo ndiye anayeendesha mitindo. Mfanyabiashara asiyemsikiliza anafunga kibanda.

Na matakwa yake yalifika mbali. Merikani ilifumwa Massachusetts, ikaletwa na meli za Salem. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoikaba pamba ya Marekani, 1861 hadi 1865, wafumaji wa Uingereza na India walipata mwanya, na hawakuwa na hiari ya kufuma wanachopenda wao. Walitakiwa wafume kile ambacho Mnyamwezi wa Tabora angekubali kukipokea. Hii ni historia ya mitindo, tena yenye viwanda, bahari na vita ndani yake, lakini imewekwa kwenye kabati la "wapelelezi" na wanafunzi wetu wanakaririshwa njia alizopita Stanley bila kuulizwa watu aliowakuta walivaa nini.

Kuna atakayesema hivyo vilikuwa vitambaa vya kuletwa, siyo ubunifu wetu. Haya, nakubali kwa shingo upande. Ila kitenge cha kwenye picha ya mwezeshaji nacho asili yake ni Waholanzi kuiga batiki za Java, na Vlisco, kampuni ya vitambaa ya Helmond, Uholanzi, ipo tangu 1846. Mbona hicho kimepewa uraia?

Na nguo zile zililipiwa kwa pembe za ndovu, na kwa watu. Kaniki ilivaliwa sana na watumwa. Nikishika kitambaa cheusi cha pamba huwa nalikumbuka hilo, na ningependa wanaoshona walijue kabla hawajaambiwa lolote kuhusu Dior.

Podikasti zenyewe karibu zote ni za Kiingereza, na bando linakwisha Dior hajamaliza kupinda. Hiyo ni kero ya siku nyingine.

Ninachotaka mimi ni sauti za kwetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana na kupiga vita sketi fupi na suruali za kubana, kuna mafundi walioletewa nguo wazishushe pindo na kuzipanua. Baadhi bado wako hai. Kama babu au bibi yako alishona miaka ile, awe Ujiji au Ng'ambo kule Tabora, mpigie magoti, shikamoo nzuri, washa simu umrekodi. Uende wiki hizi, maana Idi ikikaribia hakuna fundi atakayekutazama usoni.