Gari Jepesi Halihitaji Tairi Pana

Miongoni mwa magari yanayouzwa kwa vipande ili mnunuzi ayaunganishe mwenyewe, nchini Uingereza hakuna linalopendwa kama Lotus Seven, ambalo Colin Chapman alilitoa mwaka 1957 na ambalo kampuni ya Caterham imeendelea kulitengeneza tangu iliponunua haki zake mwaka 1973. Anayeliunda gari la namna hiyo huhesabu hata uzito wa boliti, lakini afikapo kwenye matairi mara nyingi huchagua kwa macho: tairi pana, ubavu mfupi, na jina linalosikika kwenye mashindano. Naamini kwa dhati kwamba uchaguzi huo huharibu sehemu kubwa ya kazi aliyokwisha kuifanya.

Tatizo linaanzia kwenye uzito wenyewe. Tairi lenye namba ya mzigo 82 ubavuni limeundwa kubeba kilo 475, maana yake manne hubeba kilo 1,900, ilhali Seven ya kawaida pamoja na dereva wake huwa karibu kilo 640, yaani kilo 160 kwa kila tairi. Tairi hilo basi linafanya kazi kwa thuluthi moja tu ya uwezo wake. Ubavu uliokazwa kwa ajili ya gari zito haupindi inavyotakiwa chini ya mzigo mdogo, na matokeo yake gari hurukaruka kwenye kila tuta dogo, huku mwenyewe akilaumu springi na shokapu ambazo hazina kosa. Ndiyo maana matairi yaliyoimarishwa kwa mzigo wa ziada, ambayo hubeba alama ya XL, siyaungi mkono kabisa kwa gari la aina hii, hata yakiwa ya bei nzuri.

Hoja ya upana inahitaji subira kidogo. Wengi hudhani kwamba tairi pana hugusa barabara kwa eneo kubwa zaidi, lakini eneo hilo hutegemea zaidi uzito unaolikandamiza tairi na upepo uliomo ndani yake. Chini ya kilo 160, tairi lenye upepo wa psi 30 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) hugusa lami kwa takriban sentimita 76 za mraba, na likiteremshwa hadi psi 18 eneo hilo hupanda na kufikia takriban 126. Hesabu hii si kamili, kwa kuwa ubavu nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini inaonyesha mahali pa kutafuta faida. Kuongeza upana hubadilisha hasa umbo la eneo hilo, likawa fupi na pana, na hapo ndipo maji yanapoanza kuwa adui: tairi pana lililobeba uzito mdogo huinuliwa na maji ya barabarani mapema kuliko tairi jembamba, na upepo mdogo huongeza hatari hiyo. Anayeteremsha upepo anapaswa kwa sababu hiyo kuchagua tairi jembamba lenye mifereji ya kutosha, wala asisubiri kina cha mifereji kifike milimita 1.6, ambacho ni kiwango cha mwisho cha sheria ya Uingereza.

Kwa vipimo, chaguo langu ni 185/60 R13, yaani upana wa milimita 185, ubavu wa asilimia 60 ya upana huo, na rimu ya inchi 13. Ubavu wake una urefu wa milimita 111, ukilinganishwa na milimita 97.5 za 195/50 R15, na rimu ya inchi 13 kwa kawaida ni nyepesi zaidi, jambo ambalo gari dogo hulihisi upesi kwa sababu uzito ulio chini ya springi, yaani magurudumu na vinavyoambatana nayo, ni sehemu kubwa ya uzito wake wote. Pia kipenyo cha tairi la inchi 13 ni milimita 552, na cha lile la inchi 15 ni 576. Kuhama kutoka la inchi 13 kwenda la inchi 15 huinua gari milimita 12, hurefusha gia (injini huzunguka polepole zaidi kwa mwendo uleule) kwa asilimia 4 hivi na kuipotosha spidimita. Kasoro ya inchi 13 ni kwamba viwanda vimeiacha kadiri magari madogo yalivyohamia kwenye rimu kubwa, hivyo aina za kuchagua zimepungua. Kwangu hiyo ni sababu ya kuulizia upatikanaji kabla ya kununua rimu.

Matairi ya nusu mashindano, kama Toyo R888R au Yokohama A048, yanaruhusiwa barabarani na ni mazuri kweli kwenye uwanja wa mbio. Lakini mpira wake hushika vizuri ukishapata joto, na gari la kilo 550 kwenye barabara ya mashambani, asubuhi ya baridi, haliupi joto hilo. Anayekwenda uwanjani mara chache kwa mwaka afunge tairi la barabara lenye mpira laini, au awe na seti mbili za rimu.

Tarehe ya kutengenezwa nayo isipuuzwe. Tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 2319, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari jepesi linaloendeshwa kiangazi tu halimalizi mpira wake. Mpira hukakamaa ukiwa bado na mifereji mirefu, na macho hayatauona ugumu huo.

Yakishafungwa, upepo uanzie psi 20 matairi yakiwa ya baridi, kisha uteremshwe psi moja moja kwenye barabara ileile, huku joto la mpira likipimwa kwenye ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje. Katikati pakiwa na joto zaidi kuliko kingo, upepo bado ni mwingi. Kingo zote mbili zikizidi, umepunguzwa kupita kiasi. Springi na shokapu zisiguswe mpaka kipimo hicho kitulie.