Hofu nayo inaambukiza, ila haipandi kifodi kimoja na ugonjwa

Kuna wanaosema modeli za kompyuta za magonjwa, yaani hesabu za kukadiria ugonjwa utasambaaje, ni ramli ya wasomi tu, na kuna wanaozibeba kama msahafu. Mi naegemea upande wa modeli, lakini sio zote.

Ile ya zamani ya wanasayansi Kermack na McKendrick, ya 1927, inagawa watu mafungu matatu, hawajaugua, wanaumwa, wamepona, alafu inachukulia wote tumechanganyika kama makande na mtu akisikia kuna ugonjwa anaendelea na maisha kama jana. Nani anaishi hivo? 16 Machi 2020 waziri Ummy Mwalimu alivyotangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, yuko hapahapa Arusha, kashukia uwanja wa ndege wa KIA jana yake, ndoo za maji tiririka zikajaa milangoni mwa maduka wakati wengi wetu hatujamwona hata mgonjwa mmoja.

Modeli za siku hizi zinaweka njia mbili, ya ugonjwa na ya habari. Mtafiti Sebastian Funk na wenzake walionyesha 2009 kwamba habari ikipita kwa walewale mnaokutana ana kwa ana inakata maambukizi vizuri zaidi. Nawakubali. Na modeli za namna hii zinaeleza mawimbi ya ugonjwa: watu wakijikinga wagonjwa wanapungua, wakipungua ndoo inakauka, ikikauka tunaanza upya.

Shida ni kwamba nyingi zinafunga hofu kwenye idadi ya wagonjwa. Kwetu takwimu ziliganda kwenye wagonjwa 509 mwaka huohuo 2020 zikakaa hivo zaidi ya mwaka, sasa mtu wa mtaani Ngarenaro, hapa Arusha, alikuwa anapima hali kwa misiba ya mtaani na zile voisi za WhatsApp, ambazo nyingine uzushi mtupu. Hiyo hofu utaiingizaje kwenye hesabu? Na mama anayeuza nyanya soko la Kilombero, elimu anayo, hela ya kukaa ndani ndo hana, modeli ikimwandika "hajali" inamwonea kabisa, hapo wapinzani wa modeli wako sahihi.

Ila hata modeli yenye mapengo inakuonyesha nani anakutana na watu wengi kuliko wengine, na hilo halihitaji takwimu za wizara, simama tu stendi uangalie. Ningekuwa nagawa barakoa za bure, konda wa vifodi vya Kwa Mrombo angepata kabla ya bosi yeyote wa ofisini.