Chati ya blackjack ni ya bure, na haikupi utajiri

Juzi Jumamosi dogo mmoja wa mtaani kwetu kanitumia voisi WhatsApp, "Kaka shikamoo, kuna jamaa kwenye grupu wanauza chati ya blackjack elfu 15, wanasema ukiifuata kasino haikuli tena, nilipie?" Nikamjibu marahaba, usilipe hata mia, ila hiyo chati itafute maana ni kitu cha kweli kabisa na iko bure. Akanipigia hapo hapo, kachanganyikiwa, sasa kaka kama ni ya kweli mbona unasema nisilipe? Tuliongea karibu saa nzima, na nikaona bora niyaandike maana najua hayuko peke yake.

Kwa wasomaji ambao kamari kwao ni haramu, nawaheshimu na siwashawishi waanze. Naandika kwa ajili ya yule ambaye tayari anakaa kwenye ile meza na anaamua kwa kubahatisha.

Blackjack ni mchezo wa karata wa kasino, unashindana na dila, yaani mgawaji wa kasino, kufika karibu na 21 bila kuvuka, ukivuka umeungua, picha ni 10 kila moja na A ni 1 au 11. Chati yenyewe ni kijedwali kidogo tu, kushoto zipo karata zako, juu ipo karata ya dila inayoonekana, pale zinapokutana kuna herufi inayokwambia uombe karata, ukae, udabo dau (uweke dau la pili, upewe karata moja tu) au ugawe jozi (karata mbili zinazofanana ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake). Basi. Haihesabu karata zilizopita wala haitabiri inayokuja, inakupa uamuzi ambao kwa wastani unakuumiza kidogo kuliko mingine yote. Na nasisitiza hilo neno kuumiza kwa sababu hapo ndipo watu wanapodanganywa.

Chukua mkono ambao kila mchezaji anauchukia, una 16 na dila kaonyesha 10. Ukiomba, karata yoyote kuanzia 6 kwenda juu inakuunguza, yaani aina 8 kati ya 13, zaidi ya asilimia 60. Mtu akisikia hivyo anaona bora akae. Lakini ukikaa na 16 unashinda kwa njia moja tu, dila aungue, maana yeye lazima avute mpaka afike 17, na dila mwenye 10 mkononi anaungua kama mara moja tu kati ya tano hivi, mara nyingine zote anafika 17 na kuendelea, umekwisha. Kwa hiyo chati inasema omba. Na tofauti yenyewe ni ndogo mno, ukikaa au ukiomba kwa wastani unapoteza zaidi kidogo ya nusu ya dau lako, ila kuomba kunaokoa kachembe. Ndiyo kazi ya chati hiyo, kwenye mkono mbaya inakutafutia ubaya uliopungua, na hakuna mstari hata mmoja unaoigeuza 16 kuwa mali.

Nakumbuka usiku mmoja nimekaa kiti cha mwisho, nina 10 na 6, dila ana mzungu wa nne, yaani K, nikagonga kidole mezani kuomba. Mzee aliyekaa kulia kwangu akanishika mkono kabisa, "mwanangu usichukue hiyo, utatuharibia meza." Nikamwambia mzee wangu samahani, nikaomba, ikaja 9, nikaungua, halafu dila akafunua 5 na baadaye 6, akapata 21 na kutufagia wote. Mzee hakuniongelesha tena mpaka tunaondoka. Niliumia, si kwa hela, kwa ile hali ya kuonekana mimi ndiye mkosi. Lakini karata zimechanganywa na hakuna anayejua ipi inafuata, leo nimechukua ile 9 ambayo ingemuunguza dila, mzee akaumia, kesho nitachukua iliyokuwa imuumize na wala hataniona. Mtu anayecheza kwa kuogopa macho ya jirani anaumia mara mbili, na chati ilinisaidia sana hapo maana ilinipa kitu cha kusimamia.

Halafu haikutungwa na wajanja wa grupu lolote. Wanajeshi wanne wa Marekani, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, waliokuwa kambi ya Aberdeen kule Maryland, walikokotoa haya mambo kwa mashine za mezani za kujumlisha na kutoa, wakachapisha mwaka 1956 kwenye jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Baadaye mwanahisabati Edward Thorp akaisoma hiyo kazi, akaenda Las Vegas mwisho wa 1958 na kikaratasi chenye mkakati wao mkononi na dola 10 za fedha. Alipoteza dola 8 na nusu! Huyu ndiye aliyekuja kutumia kompyuta ya IBM 704 pale MIT kutafuta njia ya kuhesabu karata, na kitabu chake kikatoka 1962. Sasa kama Thorp mwenyewe alikaa na chati akainuka karibu mfuko mtupu, wewe unamwambiaje dogo wa Kinondoni kwamba haliwi?

Ngoja tupige hesabu kwa hela zetu. Unaweka elfu 10 kila mkono, mnacheza mikono kama 60 kwa saa, hiyo ni laki 6 imepita mezani. Ukifuata chati bila kukosea kwenye meza yenye masharti mazuri, kasino inabaki na nusu asilimia hivi, yaani wastani wa elfu 3 kwa saa. Anayebahatisha akiiachia kasino asilimia 2 tu, tayari ni elfu 12. Tofauti kubwa hiyo, mara nne, ila soma vizuri, wote wawili wanapoteza. Na hiyo elfu 3 ni wastani wa muda mrefu sana, ndani ya saa moja kupanda au kushuka elfu 90 ni jambo la kawaida tu, ndiyo maana mtu anashinda laki usiku mmoja na kuapa kwamba chati inalipa, kumbe ni mawimbi tu.

Sasa kosa langu mimi, na hili naomba mlisikilize maana hata wanaojua chati wanaanguka hapa. Chati yangu ya kwanza niliidownload, nikaiprinti steshenari, nikaipiga laminesheni, ikakaa kwenye pochi. Ilikuwa chati ya Marekani. Kule dila anajipa karata mbili, moja imelala, na akionyesha 10 au ree, yaani ile A, anachungulia kwanza kama ana blackjack, yaani ree na karata ya kumi kwa karata mbili za kwanza, ambayo inaishinda hata 21 ya kawaida, kabla hujaongeza hela. Kwenye ile kasino niliyoingia dila alikuwa anajipa karata moja tu, ya pili anaichukua wote mkishamaliza kucheza. Mimi sikujali, nikaona ni staili tu ya kugawa.

Nikapata 5 na 6, jumla 11, dila ana 10. Chati yangu inasema dabo. Dau lilikuwa elfu 20, nikasukuma elfu 20 nyingine, ikaja karata ya picha, 21 kamili, nikapumua kabisa. Dila akamaliza watu wengine, akavuta karata yake ya pili taratibu, ree. Blackjack. Akachukua 40 yote. Nikauliza kwa upole, si ungenirudishia ile niliyoongeza? Msimamizi akaja akanionyesha kibao cha masharti, kweli imeandikwa, blackjack ya dila inakula kila kitu, pamoja na ulichodabo na ulichogawa. Hawakunidhulumu, ila hakuna aliyenieleza na mimi sikusoma.

Niliporudi nyumbani nikatafuta chati ya meza za namna hiyo, na mistari michache inabadilika. 11 dhidi ya 10 au ree, usidabo, omba tu. Jozi ya 8 dhidi ya 10 au ree, usigawe, omba. Ree mbili dhidi ya ree, omba. Mistari mitatu minne tu, lakini inaangukia pale pale ambapo dau lako linakuwa kubwa kuliko kawaida.

Kuna na bima, ile dila akionyesha ree anakuuliza unataka bima, yaani dau la pembeni kwamba yeye atapata blackjack. Kataa kila siku. Inalipa mbili kwa moja, kwa hiyo ili isikule inatakiwa karata inayofuata iwe ya kumi mara moja kati ya tatu, na karata za kumi ni 16 kati ya 52, hazifiki. Hata ukiwa na blackjack mwenyewe kataa.

Jambo jingine kubwa kuliko chati yenyewe ni malipo ya blackjack. Angalia maandishi yaliyoko kwenye kitambaa cha meza, kama ni 3 kwa 2 elfu 10 yako inaleta elfu 15, kama ni 6 kwa 5 inaleta elfu 12 tu. Blackjack inakuja kama mara tatu kwa mikono 60, kwa hiyo unaacha karibu elfu 9 kila saa, mara tatu ya ile elfu 3 tuliyohesabu juu. Meza ya 6 kwa 5 mimi nainuka, hata kama nimekaa na marafiki.

Kinachoniudhi na hawa wauzaji si elfu 15, ni ile sentensi "kasino haikuli tena". Las Vegas hivi vikadi vya chati vinauzwa kwenye maduka ya zawadi ndani ya kasino zenyewe na dila anakuacha uvisome mezani ilimradi usicheleweshe mchezo. Wanavionaje kuwa hatari, wakati wanaviuza wenyewe? Dogo aliyeambiwa hapotezi atapeleka kodi ya nyumba, na akiliwa atadhani kakosea mstari, atarudi na hela nyingine kujisahihisha. Nimeona hilo likitokea kwa mtu wa karibu na sitaki kuliona tena.

Yule dogo nimempigia picha chati yangu nikamtumia bure. Ni ile ile ya laminesheni, ila kwenye mstari wa 11 na wa jozi ya 8, pale dila ana 10 au ree, nimebandika selotepu juu nikaandika kwa maka pen nyeusi OMBA, na nyuma nimemwandikia aulize dila anachukua karata ngapi kabla hajatoa hela mfukoni.