Kisiwa Nilichokihesabu Mbalamwezi

Mwaka 2019, katika kikao cha maandalizi ya Mpango Kabambe wa Afya wa halmashauri moja ya kando ya Ziwa Victoria, Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa akisoma kwa sauti taarifa ya chanjo ya surua na rubela kutoka mwalo mmoja, yaani kituo cha wavuvi cha ufukweni, ulioko kisiwani. Alipofika kwenye asilimia 163 alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena na kukuta bado ni 163.

"Mia moja wa kwanza nimewaelewa," alisema kwa upole. "Hawa sitini na tatu waliozidi ni watoto wa nani?"

Wajumbe wote walinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtu wa takwimu, na kwa sekunde chache nilijisikia kama ndiye baba wa watoto wote sitini na watatu.

Tatizo lenyewe ni rahisi kulieleza. Asilimia ya chanjo ni sehemu kama zile tulizofundishwa shule ya msingi, zenye kiasi juu na asili chini. Kiasi hutoka kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za huduma za afya, ambamo muuguzi humwandika kila mtoto anayechanjwa, na muuguzi wa mwalo ule alikuwa amewaandika watoto 31. Asili hutoka kwenye sensa. Mimi nilichukua idadi ya Sensa ya 2012, nikaikuza mwaka kwa mwaka kwa kasi ya taifa ya asilimia 2.7, nikapata watu 475. Kisha nikakadiria kwamba watoto walio chini ya mwaka mmoja ni asilimia 4 ya watu wote, nikapata 19. Watoto 31 juu ya watoto 19 ndiyo hiyo 163. Hesabu haikuwa na kosa hata moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niseme pia kwamba hiyo haikuwa mara yangu ya kwanza kuaibishwa na asili. Wiki yangu ya kwanza kazini niliandika, kwa wino mwekundu, kwamba Mkoa wa Mwanza ulikuwa umepoteza watu 169,639 katika miaka kumi, maana Sensa ya 2002 iliwahesabu 2,942,148 na ya 2012 ikawahesabu 2,772,509. Nilipendekeza uchunguzi wa haraka wa chanzo cha vifo hivyo. Mhudumu wa ofisi aliyekuwa akiniletea chai aliisoma karatasi ile begani mwangu, akaniambia kwamba watu hao wote ni wazima, wako Geita, ambako mkoa mpya ulianzishwa mwaka 2012 na kuimega Mwanza. Karatasi ile niliichana mwenyewe, vipande vidogo vidogo.

Kwa hiyo mara hii niliapa kutoiamini karatasi. Nilijitolea kwenda kisiwani mwenyewe kuhesabu watu kwa kidole, na kwa kuwa mpango wa afya hauhitaji idadi ya watu peke yake bali pia hali yao ya kipato, hasa kama kaya zingemudu shilingi 30,000 kwa mwaka za Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, uliokuwa ukihudumia kaya ya watu wasiozidi sita, nilitunga dodoso la kurasa nne. Ukurasa wa tatu ulihusu ng'ombe. Nimezaliwa Usukumani, na sikuweza kufikiria umaskini wala utajiri usiokuwa na ng'ombe ndani yake.

Nilifika mwaloni kwa mtumbwi wa injini tarehe 15 Agosti, saa tatu asubuhi. Kisiwa kilikuwa kimya. Mitumbwi ilikuwa imepinduliwa mchangani, karabai zimetundikwa kwenye miti, na vibanda vya mabati na makuti vilivyojaa kutoka ufukweni hadi kwenye miamba vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vimefungwa kwa kamba. Niliandika kwenye daftari langu neno "magofu", nikalipigia mstari.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwenye adabu sana, alinipokea, tukasalimiana, nikamweleza kazi yangu kwa Kiswahili fasaha cha ofisini: kubainisha ukubwa wa kaya kwa madhumuni ya kupanga huduma. Alitikisa kichwa kwa uelewa mkubwa, kisha akamtuma kijana azunguke kutangaza. Baadaye sana ndipo nilipojua kijana yule alitangaza nini. Alitangaza kwamba daktari wa vyandarua amefika.

Kampeni za vyandarua, kama msomaji anavyojua, hutoa chandarua kimoja kwa kila watu wawili, na hakuna Mtanzania asiyeijua hesabu hiyo. Kwenye kibanda cha kwanza, chenye kitanda kimoja na mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua dagaa, niliambiwa wanaishi kumi na wawili. Kwenye cha pili walikuwa kumi na wanne, pamoja na bibi mmoja ambaye, nilipomwomba kumwona, ilibainika kuwa yuko Musoma lakini "roho yake iko hapa". Nilipofika kwenye ukurasa wa mali, upepo uligeuka. Mtu anayeuliza idadi ya watu huenda analeta vyandarua, lakini mtu anayeuliza idadi ya injini bila shaka ametumwa na watu wa kodi. Injini iliyokuwa imeegemezwa ukutani, mbele yangu, ikitoa harufu ya petroli, niliambiwa ni ya jirani. Jirani naye alisema ni ya marehemu. Kuhusu ng'ombe, mzee mmoja aliniuliza kwa huruma kama nilikuwa nimekunywa maji ya kutosha tangu asubuhi.

Kufikia saa nane nilikuwa na kaya 29 zenye wastani wa watu kumi na mmoja na kipato cha sifuri. Niliona wazi kwamba nadanganywa. Nikaketi kwenye kibanda cha mama ntilie, nikaagiza wali na sato, nikaongeza sahani ya pili na soda, na katikati ya shibe hiyo nikapata suluhisho la kitaalamu: nitupilie mbali majibu yote ya uongo na kuzidisha vibanda 29 nilivyovikuta na watu kwa 4.7, ambao ndio wastani wa kitaifa wa watu katika kaya kwa mujibu wa Sensa ya 2012. Nilipata watu 136.3. Wakati huohuo nahodha alinipigia kelele kwamba upepo unageuka na anayebaki amebaki, nikakusanya karatasi zangu na kukimbia kuelekea majini huku viatu viko mkononi.

Katika kikao kilichofuata niliwasilisha matokeo yangu kwa kujiamini. Kisiwa kinahamwa, nilisema. Ujenzi wa zahanati usitishwe. Watoto walio chini ya mwaka mmoja si 19 bali ni 5. Katibu wa Afya, mtu mzima aliyezaliwa na kukulia kando ya ziwa, alikuwa akibonyeza kikokotoo taratibu.

"Kwa hiyo chanjo sasa," alisema, "imetoka asilimia 163 imefika 620."

Chumba kilinyamaza. Mganga Mkuu hakuvua hata miwani.

"Ulikwenda lini, kijana wangu?" Katibu aliuliza.

"Tarehe 15, mzee."

"Mwezi ulikuwaje?"

"Mwezi wa nane, mzee."

"Sikukuuliza mwezi wa ngapi. Nimekuuliza mwezi ulikuwaje."

Sikuwa na jibu, kwa sababu katika miaka yote ya kusomea takwimu hakuna mtu aliyewahi kuniambia niangalie juu. Katibu alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, karabai za zamani au hizi za siku hizi za sola, na taa huwavuta dagaa pale tu anga lina giza. Mbalamwezi ikitawala, taa ya mvuvi haina thamani kwao. Ndiyo maana wavuvi huhesabu siku kwa giza na mbalamwezi. Giza likiingia, mwalo hujaa wavuvi, waanikaji, wachuuzi wanaopeleka mzigo Mwaloni Kirumba, pamoja na wake na watoto wachanga migongoni. Mbalamwezi ikiingia, watu hufunga vibanda kwa kamba na kurudi makwao bara kulima au kupumzika. Tarehe 15 Agosti 2019 mwezi ulikuwa mpevu kamili. Nilikuwa nimekwenda kuhesabu wanafunzi siku ya Jumapili.

"Na huyo muuguzi," Katibu aliongeza, "hufika na mkoba wa chanjo wakati wa giza, kwa sababu ndipo watoto walipo. Anawachanja watoto wa vijiji vitano vya bara. Chanjo inaandikwa kisiwani, mtoto anahesabiwa kijijini. Ndiyo maana huko kwingine asilimia zako ziko chini na hapa ziko juu. Kiasi unacho, kijana. Usichokijua ni asili ya watu hawa."

Wajumbe walicheka, nami nikacheka nao, ingawa kwangu kicheko hicho kilichelewa kidogo. Jioni ile nilitafuta kalenda ya mwezi ya mwaka 2012. Sensa ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti, na usiku huo zilikuwa zimebaki siku tano tu mwezi uwe mpevu. Sina ushahidi kwamba hilo ndilo lililowapunguza watu wa mwalo ule, lakini nilijisikia nafuu kuona kwamba hata wakubwa hawakuangalia juu.

Nilirudi kisiwani tarehe 30 Agosti, siku mwezi ulipofifia kabisa, nikakuta mji. Palikuwa na muziki, kinyozi, fundi injini, na dagaa waliotandazwa mchangani mpaka hakuna pa kukanyaga. Kasoro ilikuwa moja, kwamba nilipaswa kuwahesabu mahali walipolala, na usiku ule wanaume hawakulala popote, walikuwa majini. Walilala mchana, na mvuvi aliyekesha ukimwamsha saa sita mchana kumuuliza idadi ya wategemezi wake, anakujibu kwa maneno ambayo dodoso langu halikuwa na kisanduku chake.

Aliyeniokoa ni yule mama ntilie. Aliniangalia nikizunguka juani, akaniita.

"Daktari, unatafuta majina? Mimi ninayo yote. Wanakula kwangu."

Alitoa daftari kubwa lenye jalada gumu. Humo, kwa mwandiko safi kuliko wa vitabu vingi nilivyowahi kukagua, mlikuwa na kila mtu wa mwalo ule aliyewahi kukopa chakula, yaani kila mtu: jina au la utani, ametoka wapi, amefika lini, ameondoka lini, amekula nini, anadaiwa kiasi gani. Takwimu za kipato nilizozikosa kwa dodoso la kurasa nne zilikuwa mle mle. Madeni yalipanda siku za mbalamwezi na kulipwa wiki ya kwanza ya giza, na aliyekula sato wiki nzima alijulikana, kama alivyojulikana aliyehamia kwenye ugali na mchuzi mtupu tangu tajiri wake aibiwe nyavu. Ikumbukwe pia kwamba makarani wa sensa hufundishwa kuwa kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa tafsiri hiyo mwalo mzima ulikuwa kaya moja, mkuu wa kaya akiwa ni mama huyu, na mchango wa bima yao wote ungekuwa shilingi 30,000, kama tu wasingezidi sita.

Aliniruhusu kupiga picha kurasa zote. Niliporudi ofisini nilikesha siku mbili nikiingiza majina kwenye kompyuta moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja, maana nilikuwa nimeapa kutochagua tena data kwa akili zangu. Nilipata wakazi wa msimu 214, mbali na watoto wao ambao muuguzi alinipa kutoka kitabuni kwake.

Kikao cha tatu kilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Iliamuliwa kwamba siku za mkoba zipangwe kwa kalenda ya mwezi, kwamba kila mtoto aandikwe na kijiji anachotoka, na kwamba suala la zahanati lirudishwe mezani. Katibu wa Afya aliniambia "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, na siku hizo neno hilo nilikuwa silisikii mara nyingi. Mganga Mkuu aliomba orodha ili ajiridhishe, akawa anaipitia ukurasa kwa ukurasa, akitabasamu kwenye majina ya utani, mpaka alipofika mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Mkazi namba 214," alisoma. "Daktari wa Vyandarua. Ametoka: ofisini. Amefika mbalamwezi, ameondoka mbalamwezi, mbio. Wali sato sahani mbili na soda moja. Hajalipa."

Aliikunja orodha, akanisukumia mezani, akauliza kama mkazi huyo amekamilisha chanjo zake.