Mizizi ya maneno ya Kiingereza: inasaidia wapi, inapoteza wapi

Wanaofundisha Kiingereza cha juu, hasa kwa watu wanaojiandaa na mitihani ya kujiunga na vyuo vya Marekani kama GRE na SAT, wana ushauri wanaoupenda: usihangaike kukariri neno mojamoja, shika mizizi ya Kilatini na Kigiriki, mengine utayafumbua mwenyewe. Wanaowapinga husema mizizi ni historia tu. Fungua kamusi, shika maana, endelea.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili na ghafla anasoma baiolojia kwa Kiingereza, mimi niko na watu wa mizizi. Chukua "pod", yaani mguu kwa Kigiriki. Arthropoda ni wenye miguu ya viungo: kaa, panzi, nge. "Gastro" ni tumbo, kwa hiyo Gastropoda ni konokono na wenzake, wanaotembelea tumbo. "Cephalo" ni kichwa, na Cephalopoda ni pweza na ngisi. Mtoto wa pwani aliyewahi kuona pweza akipigwapigwa mwambani anajua mikono ile imeota kichwani, hana haja ya kukariri. Mbinu inafanya kazi hapa kwa sababu maneno haya yaliundwa na wataalamu kwa makusudi, kila kipande na kazi yake.

Maneno ya kila siku hayakuzaliwa hivyo. "Meticulous" limetokana na "metus", hofu. Leo linamsifu mtu makini asiyeacha dosari. "Ped" ya "pedestrian", mtembea kwa miguu, ni mguu; ya "pediatrician", daktari wa watoto, ni mtoto. Baya zaidi ni "inflammable". Aliyefundishwa kwamba "in" mwanzoni hukanusha atadhani kitu hicho hakishiki moto, kumbe kinawaka upesi. Ndiyo maana tangu miaka ya 1920 wataalamu wa kuzuia moto Marekani walihimiza "flammable" litumike badala yake.

Je, kamusi inatosha? Tazama "notorious". Mzizi wake unasema "anayejulikana". Kamusi ndogo ya mfukoni nayo inaweza kuishia hapo hapo. Mwanafunzi anaandika kwa nia njema kabisa kwamba mwalimu mkuu wake ni "notorious", na amemtukana: neno hilo ni la jambazi sugu, si la mtu mashuhuri. Kosa hili halizuiwi na mzizi wala na maana fupi ya kamusi. Linazuiwa na kuliona neno ndani ya sentensi, tena zaidi ya moja.

Watunga mitihani wenyewe wamesogea huko. GRE iliondoa maswali ya vinyume na mlinganisho mwaka 2011, na SAT mpya ya 2016 ikaachana na maneno adimu, ikapima maana ndani ya habari inayosomwa.

Hata hivyo, darasa lenye kamusi moja na wanafunzi tele haliwezi kungoja vitabu vya hadithi vifike. Orodha ya mizizi inaenea ubaoni na haigharimu kitu. Ningeitumia kwenye masomo ya sayansi. Kwenye kipindi cha Kiingereza ningeanza na sentensi, neno lieleweke kwanza, kisha mzizi utajwe ili lisisahaulike, na "in" ningeifundisha pamoja na "inflammable", lile neno la kwenye matangi ya mafuta.