Ukichukua VPS, umejiajiri zamu ya usiku

"Kaka, nichukue VPS ya kampuni gani?" VPS ni seva pepe ya kukodi, kipande cha kompyuta kubwa ya kampuni. Swali hili hunijia karibu kila wiki, na mimi hujibu kwa swali: siku ukiwa harusini Morogoro, nani ataiangalia? Wengi hucheka. Mimi yamenikuta.

Nilikuwa na seva yenye RAM ya GB 1 iliyobeba tovuti nne za WordPress, mojawapo ya duka la vitenge. Jumamosi moja usiku mwenye duka akanitumia picha ya simu yake: ukurasa mweupe, sentensi moja ya Kiingereza kwamba hifadhidata haipatikani. Nikaingia kwenye seva kwa simu, ndani ya daladala, kidole gumba kikikosea kila herufi ya tatu. Nikaandika free -m, amri ya kuonyesha kumbukumbu. Kumbukumbu imebaki MB chache, swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) sifuri. Linux, mfumo unaoendesha seva, ikiishiwa kumbukumbu hutafuta programu ya kuua, na mara nyingi huanza na mnene wao, MySQL, programu ya hifadhidata. Nikaiwasha, baada ya dakika kumi ikafa tena. Dawa yake, faili la swap la GB 2, ni kazi ya dakika tano ambayo nilikuwa naiahirisha tangu siku ya kwanza.

Kampuni haikuwa na kosa. Kwenye VPS ya kujisimamia wao wanakupa umeme, diski na anwani ya IP. Ya ndani ni yako. Washa seva mpya ya Ubuntu (aina ya Linux) asubuhi, jioni fungua /var/log/auth.log, faili la kumbukumbu za wanaojaribu kuingia, uone wanaobisha poti 22, mlango wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), wakijaribu majina ya "root", "admin", "test". Ni roboti, zinapita nyumba kwa nyumba. Weka ufunguo wa SSH, kisha zima kuingia kwa nenosiri. Ila dirisha la kwanza usilifunge kabla hujajaribu ufunguo katika dirisha la pili. Niliwahi kujifungia nje ya seva yangu mwenyewe.

Kwa hiyo kama una tovuti moja ya kurasa sita, baki kwenye hosti ya pamoja, ambako seva inaangaliwa na kampuni, wala usione aibu. Ukilazimika kuhama, usikeshe ukilinganisha kori za prosesa: chukua VPS ya KVM (teknolojia ya kugawa seva), RAM ya GB 2, na Ubuntu LTS (toleo la kutunzwa muda mrefu) ya karibuni, kwa kuwa kila toleo la LTS hupata masasisho ya kawaida kwa miaka 5.

Mimi muda wangu naupeleka kwenye bakapu, yaani nakala za akiba. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya seva ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja ambao bakapu zao zilikuwa palepale pamoja na seva. Tangu hapo zangu nazilaza kwa kampuni nyingine, nchi nyingine.

Na bakapu ambayo hujawahi kuirudisha mimi siihesabu. Jumapili ya kwanza ya mwezi nakodi seva ndogo ya kulipia kwa saa, nalisimamisha duka la vitenge humo, natazama, naifuta. Mara ya kwanza kufanya hivyo bei zote zilikuja, maelezo yakaja, hata maoni ya wateja. Picha za vitenge hazikuwepo hata moja. Miezi minane nilikuwa nahifadhi hifadhidata peke yake, folda ya uploads, zinamokaa picha, nimeisahau.