Tazama Macho ya Yai, Si Tarehe ya Mfuko

Mtu akiniuliza mayai yake ya kilifishi, samaki wadogo wa kufugwa, ayaloweshe lini ili yatotolewe, humrudishia swali: umeyaona macho? Wengi hawajaangalia. Wamesoma tarehe iliyoandikwa kwenye mfuko, wakahesabu wiki, na siku ilipotimia wakamwaga maji. Kwangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika ufugaji wa samaki hawa, na nalisema kwa uchungu kwa sababu limeshanigharimu.

Nazungumzia kilifishi wa msimu, wale wa jenasi ya Nothobranchius, ambao kwao ni madimbwi ya mvua katika nyika za mashariki na kusini mwa Afrika. Dimbwi hujaa, samaki hukua mbiombio, hutaga, kisha jua hulikausha na wazazi wote hufa. Kinachobaki ni mayai ndani ya tope. Nyumbani tope hilo tunaliiga kwa mboji ya kinamasi (peat). Samaki wakishataga ndani yake tunaikamua mpaka ukiifinya haidondoshi tone, ila kiganja kinahisi ubaridi, tunaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka mahali penye joto la nyuzi 22 hadi 26. Juu ya mfuko tunaandika jina la spishi, mahali ukoo wake ulikotoka, na tarehe.

Tarehe ina kazi yake, nayo ni kukukumbusha kuanza kuchungulia. Haiwezi kukuambia zaidi ya hapo. Kiinitete cha Nothobranchius kinaweza kusimamisha ukuaji wake katika hatua tatu: mwanzoni kabisa, seli zikiwa bado zimetawanyika, katikati, moyo ukiwa umeshaumbika, na mwishoni, samaki akiwa amekamilika na anangoja maji tu. Mayai ya mama mmoja, ya siku moja, hayalali pamoja wala hayaamki pamoja. Huko porini ndiyo salama ya ukoo mzima, maana mvua ya kwanza ikidanganya, ikanyesha siku tatu na kukatika, waliototolewa hufa lakini wenzao wangali wamelala. Sasa mfugaji anawezaje kuwapangia wote siku moja?

Mimi niliwahi kuwapangia. Mfuko ulikuwa umetimiza wiki 12, nami nilikuwa na hamu, nikaulowesha. Asubuhi yake nilikuta vifaranga kama arobaini, na karibu wote walikuwa wakijiburuta chini kwa tumbo. Kibofu cha hewa, kinachomwezesha samaki kuelea, hakikujaa. Kifaranga wa namna hiyo huruka kidogo, huanguka, huruka tena, huanguka, na mara chache sana hupona. Niliwalisha siku kadhaa nikitumaini, kisha nikakubali kwamba niliwatoa kabla ya wakati wao.

Kuangalia si kazi ngumu. Chota mboji kidogo, itandaze juu ya karatasi nyeupe, chukua lenzi na tochi. Yai lina upana wa milimita moja hivi. Likiwa changa linang'aa kama ushanga wa kioo. Baadaye utaona vidoa viwili vyeusi. Usikimbilie maji, hapo bado. Subiri mpaka kiinitete kimejikunja na kulijaza yai zima, macho yawe makubwa, meusi, yenye duara la dhahabu. Duara hilo ndilo ninalolitafuta. Yakionekana hivyo katika mayai mengi uliyochota, lowesha. Kukawia mno nako kuna hasara, kwani samaki aliyekamilika anaendelea kula akiba yake ya kiini, na akiimaliza hutoka akiwa dhaifu.

Maji yawe ya baridi kiasi, nyuzi 16 hadi 18, na kina kisizidi sentimita chache ili kifaranga aufikie uso wa maji bila kuchoka. Wapo wanaotia hewa kwa pampu wakati wa kulowesha wakidhani wanasaidia. Mimi siafiki. Kupungua kwa oksijeni ndiko kunakomsukuma samaki kupasua yai, na ndiyo maana mayai yakikaidi mimi hunyunyiza chembe za chakula kikavu kilichosagwa ili bakteria waitumie hewa iliyomo.

Kabla ya yote hayo, chakula kiwe tayari. Jioni ninapojiandaa kulowesha, huanzisha pia chupa ya mayai ya artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi: gramu 25 hivi za chumvi kwa lita moja ya maji, joto la nyuzi 27, hewa ikipuliza mfululizo. Baada ya saa 24 au zaidi kidogo wanakuwa wametotolewa. Nawasuuza chumvi, nawadondosha kwa dropa. Kisha nainama nitazame, na hapa kwa kweli sijawahi kuchoka: kifaranga wa milimita chache anajipinda kama upinde, anachomoka, na baada ya dakika chache tumbo lake limekuwa rangi ya chungwa. Asiye na tumbo la chungwa hajala, na huyo nampa uangalizi wake. Nalisha mara mbili kwa siku na kufyonza mabaki, kwa sababu artemia hufa haraka kwenye maji yasiyo na chumvi na kuyachafua. Mapema nawatenganisha kwa ukubwa, la sivyo wakubwa watawameza wadogo.

Na ile mboji usiitupe. Inaniumiza kuona watu wakiimwaga baada ya kulowesha mara moja, wakisema mayai yaliyobaki ni mabovu. Bovu hugeuka jeupe na kuota ukungu. Lililo safi linang'aa, limelala tu. Ikamue tena, ifunge, andika tarehe mpya, chungulia baada ya mwezi. Mfuko wangu ule wa wiki 12 niliulowesha tena wiki sita baadaye, safari hii baada ya kuliona duara la dhahabu. Walitoka 23, na 21 kati yao walikuwa wakiogelea katikati ya maji kabla ya jua kuzama.